Siku Niliyosikiliza Pampu Ikimeza Matambara

Mwanangu alianza kutambaa mwezi uleule maji machafu yalipoanza kuingia uani kwetu. Ndiyo maana siku ile nilikwenda kwenye nyumba ya pampu nimembeba mgongoni, mguu mmoja peku na ndara mkononi. Ilikuwa imekatikia kwenye kinyesi cha watu nisiowajua.

Tulipanga vyumba sita kwenye ua mmoja, upande wa chini wa Segese. Juu yetu kulikuwa na mabweni ya vibarua wa machimbo. Vyoo vyao na vyetu vilimwaga kwenye bomba moja, bomba likamwaga kwenye shimo, na pampu ilitakiwa kuusukuma uchafu huo hadi kwenye mabwawa ng'ambo ya barabara. Ilitakiwa. Kila baada ya siku chache ilikwama, shimo likafurika, na vyote vikashuka kwetu na kupita chini ya mlango wangu. Nilipiga deki kwa dawa mara tatu kwa siku na bado sikuthubutu kumshusha mtoto. Kutwa yuko mgongoni kama mzigo wa mahindi, analia, anaitaka sakafu.

Nilimkuta fundi mkuu, mzee wa Kisukuma aliyetoka Shinyanga mjini, amesimama kando ya tangi la zege. Sikumsalimia. Nilimnyoshea ile ndara usoni.

"Marahaba," akasema.

Mafundi wenzake wakaangua kicheko. Ikabidi niseme shikamoo huku nimeuma meno, naye akaitikia upya, polepole, kama hajawahi kuitikia.

Hapo ndipo nilipoziona. Nilidhani pampu ni kile kidude cha kumwagilia bustani. Hizi zilikuwa mbili, mpya, zimefungwa juu ya zege, kila moja kama ng'ombe aliyelala. Mdomo wake ungemmeza mwanangu mzima. Nilirudi nyuma hatua moja bila kutaka, nikakasirika kwamba nimerudi.

"Mwenye mabweni kaletewa mbili," mzee akanieleza. "Itakayomeza matambara bila kukwama inashuka shimoni. Nyingine inarudi na lori mchana huu."

Wakawasha ya kwanza. Wakatumbukiza tangini vipande vya shuka jeupe, jipya, vimekatwa kwa mkasi vikalingana kama sambusa za harusini. Pampu ikavivuta vyote ikavitema upande wa pili, kwenye wavu. Mafundi wakapiga makofi. Mzee akatoa kalamu.

"Imepita," akasema.

"Imepita nini?" nikamuuliza. "Nani hapa anatupa shuka jipya chooni?"

"Haya, mayu," akasema, akiniita mama kwa Kisukuma, "wewe unatupa nini?"

Nikamtajia. Nepi za khanga iliyochakaa. Rasta zilizofumuliwa. Soksi. Vipande vya mifuko ya salfeti. Na kulikuwa na kingine. Ua wetu una kamba moja ya kuanikia, na chini yake wanaume hucheza drafti mchana kutwa. Hakuna mwanamke anayeweza kuanika pale kila kitu chake.

"Na vitambaa vya hedhi," nikasema, kwa sauti. "Tunavitupa. Hata mimi navitupa."

Fundi mmoja akaanza kukagua viatu vyake. Mzee hakukwepesha macho.

"Nina mabinti wanne," akasema, "na nimezibua mabomba maisha yangu yote. Hakuna aliyewahi kuniambia hivyo. Kalete."

Hasira yangu ilikosa pa kukaa. Nilikwenda kushtaki, kumbe na mimi nilikuwemo kwenye kosa. Lakini usidhani iliondoka. Nilipita mlango kwa mlango nayo. Mama anayeuza dagaa, mtu wa Kigoma, akanirushia dera lake kuukuu.

"Leo unakusanya matambara," akasema, "kesho utatukusanya sisi wenyewe!"

Nikarudi na ndoo mbili. Nilichana kila kitu kama kinavyochakaa chenyewe, marefu kwa mafupi, nikachanganya na rasta.

Pampu ya kwanza ilikunywa nusu ya ndoo moja. Ikakohoa. Ikatikisika hadi zege likatetemeka chini ya nyayo zangu, mshale wa kipimo cha umeme ukapanda, mzee akazima. Walipofungua kifuniko walitoa kamba nene kama mkono wangu, imejisokota, nywele zimeshika khanga na khanga imeshika soksi. Waliikata kwa kisu. Nasuka watu tangu nikiwa kidato cha pili, na sijawahi kuona msuko uliokaza kama ule.

Wakawasha ya pili. Mzee akachukua kipande cha nondo, akagusisha ncha moja kwenye mwili wa pampu na nyingine sikioni mwake. Akasikiliza, macho amefumba. Kisha akanipa mimi.

"Weka hapo. Usiogope."

Nilitarajia kelele. Nilisikia ngurumo ya chini, tulivu, kama mvua kubwa inayokuja ikiwa bado ng'ambo ya mbuga. Wakatumbukiza matambara. Nikayasikia yakiingia. Naapa niliyasikia: khanga ilipita kwa mchakacho mwepesi, soksi kwa mpigo mmoja, pu, kisha fundo la rasta likafika na ngurumo ikabadilika. Nikabana pumzi. Ndani mle kitu kikajinyanyua kidogo, kama mtu anayesafisha koo kabla ya kusema, fundo likapita, na ngurumo ikarudi palepale. Mzee aliniambia kwamba gurudumu la ndani limeundwa hivyo, likizidiwa linapanda, linaachia, linashuka. Chuma! Kuna mtu mahali fulani alikaa akafikiria matambara yetu hadi akapata jibu. Mwili ulinisisimka. Mtoto mgongoni alinyamaza, nadhani mtetemo ulimfikia kupitia mimi.

"Imepita?" mzee akaniuliza mimi, si wenzake.

"Bado. Ndoo iliyobaki, yote kwa mpigo."

"Mayu, wewe ni mkali kuliko mkaguzi."

"Mkaguzi haishi pale chini."

Wakamimina yote. Nilikaza nondo sikioni hadi likauma. Ngurumo ikazama, ikazama zaidi, ikasimama karibu kufa, kisha ikanyanyuka na wavu wa upande wa pili ukajaa matambara yetu, mazima, yanachuruzika. Mzee akaandika. Nilisimama begani kwake hadi nikaona ameandika ya pili.

Jumamosi ya kwanza baada ya kuishusha, mabweni yote yalipokuwa yakifua, nilikwenda kusimama juu ya shimo. Maji yalipanda hadi kwenye alama ya chokaa waliyoichora mafundi chini kidogo ya ukingo. Kisha yakaanza kushuka.

Nikarudi chumbani, nikapiga deki mara moja tu, nikangoja pakauke, nikafungua mbeleko. Mwanangu alitambaa moja kwa moja hadi mlangoni, akashika kizingiti, akageuka kunitazama.

"Nenda," nikamwambia.