Ng'ombe Saba wa Mwalimu Philomena

Mwalimu Philomena hakujua kuchora. Nasema hivyo kwa heshima zote, maana tulifundisha naye shule moja upande wa Samuye kwa miaka mingi, yeye darasa la kwanza, mimi la nne, na ukuta kati yetu ulikuwa mwembamba kiasi kwamba watoto wangu walizijua nyimbo zake zote za kuhesabu. Akichora mbuzi ubaoni, unaona meza. Akichora kuku, watoto wanauliza kama ni birika. Na darasa la kwanza bila picha ni kazi ngumu, hasa pale kwetu, ambako mtoto anaingia shuleni akiwa na Kisukuma chake kitupu, na mwalimu anatakiwa ampe Kiswahili na hesabu kwa pamoja.

Yeye mwenyewe alikuwa Mhaya wa Muleba. Barua ya uhamisho ilimleta kwetu akiwa binti, akaolewa hapahapa, akamzaa Donatus wake hapahapa, na Kisukuma alijifunza kwa kubishana bei na wauza maziwa. Alikuwa mfupi, mwenye sauti kubwa, na hakuwa na subira na mtu mzima yeyote. Subira yote aliwawekea watoto. Mimi nilizoea kumwambia kwamba angegawa kidogo na kwetu sisi wenzake, naye alikuwa akinijibu, "Wewe Boaz umeshakua, utajijua."

Mwaka ninaousimulia ni wa 1998, na mtoto aliyemnyima raha mwaka huo aliitwa Mbuke. Baba yake, Mzee Maduhu, alikuwa na ng'ombe wengi na watoto wa kiume wadogo mno, kwa hiyo kazi ya kuchunga ilimwangukia binti. Wiki moja anakuja shule, wiki mbili yuko machungani. Alikuwa analirudia darasa la kwanza. Maduhu alishamwambia mwalimu mkuu wazi: mwaka huu ukiisha binti hajapanda darasa la pili, anaondoka shuleni moja kwa moja, ng'ombe hawawezi kumsubiri. Na hakuwa mtu wa kutishia tu. Dada yake Mbuke alitolewa vivyo hivyo, na sasa alikuwa mke wa mtu huko Buseresere.

Philomena alilichukua jambo hilo kana kwamba mtoto ni wa tumbo lake. Mbuke akitoka machungani, anamkalisha mbele. Nilimwambia watoto wako tisini na zaidi, huwezi kumbeba mmoja mgongoni mwaka mzima.

Mjini Shinyanga kulikuwa na duka la vifaa vya shule la Bwana Rohit na mkewe Varsha, ambaye sote tulimwita Mama Jaya. Jumamosi moja Philomena alikwenda kununua chaki akamkuta Mama Jaya nyuma ya kaunta anampa binti yake karatasi zenye picha za kuhesabia, safi, zimepangwa vizuri. Akauliza kitabu hicho kinauzwa wapi. Mama Jaya akamwambia si kitabu. Zimetoka kwenye kompyuta. Walimu wa nchi za nje wanaziweka kwenye mtandao, na mwalimu yeyote duniani anaruhusiwa kuzichukua bure.

Alivyorudi na habari hiyo ofisini nilicheka. Mimi nikiambiwa kitu ni cha bure, cha kwanza nashika mfuko wangu. Lakini ilikuwa kweli. Asubuhi Rohit akiiunganisha kompyuta na waya wa simu kusoma barua za kaka yake aliyeko Uingereza, Mama Jaya alizitumia dakika chache zilizobaki kuzihifadhi zile kurasa, kisha simu inakatwa. Philomena akawa anapanda baiskeli kila Jumamosi, anakaa naye mbele ya ile kompyuta, wanachagua. Yeye alipeleka karanga na viazi vikavu, Mama Jaya alitoa chai ya tangawizi. Karatasi zenyewe Philomena alizigandisha kwenye maboksi ya sabuni yaliyokatwa, kila kundi la watoto likapata moja.

Kurasa za kwanza zilikuwa na maepo, yale matunda mekundu. Watoto wakasema nyanya, wakazihesabu, Mbuke akiwemo, hakuna aliyekosea. Zikaja nyingine zenye mtu wa barafu mwenye karoti usoni. Nusu ya darasa ilihamia nyuma kwa hofu. Hapo Philomena akaamua kwamba lazima apate kitu ambacho hawa watoto wanakijua tangu wanatambaa, akamuuliza Mama Jaya kama huko mtandaoni kuna ng'ombe.

Alikuwepo. Mnene, mweupe na mweusi, ana kengele shingoni, ameinua mguu mmoja wa mbele. Ila alikuwa peke yake. Mama Jaya akamwonyesha namna ya kumkopi ndani ya ile programu ya kuchorea: unambonyeza huyu, unapata mwingine, unambonyeza tena, unapata wa tatu. Mtu ambaye mbuzi wake alikuwa meza, kwa kubonyeza tu alijaza zizi. Walipanga ng'ombe watatu ukurasa mmoja, watano mwingine, saba mwingine. Printa ililia kama cherehani, na Philomena alirudi Samuye anaimba njia nzima.

Jumatatu iliyofuata, mwaka wa shule ukikaribia kuisha, Bwana Herman, mratibu wa elimu wa kata, alikuja kuona maajabu. Sifa zilishamfikia. Akaichukua karatasi ya ng'ombe saba, akatazama darasa, na kwa kuwa Philomena alikuwa amemsimulia habari za Mbuke kwa kujivunia, akamwita mbele.

"Hapa kuna ng'ombe wangapi?"

Mbuke akaiangalia ile karatasi muda mrefu. Akasema, "Mmoja."

Mratibu akampa ya ng'ombe watano. Mmoja. Akampa ya watatu, akamwambia tazama vizuri, usiogope. Mbuke akatazama vizuri. Mmoja. Akageuka kwa wengine, na wengi wa wale wa nyuma, wachungaji watupu, wakaitikia vilevile.

Niliyasikia yote kupitia ule ukuta. Bwana Herman hakugomba, alikuwa mtu mstaarabu, lakini alimwandikia mwalimu mkuu kwamba mtoto anayeona ng'ombe saba akasema mmoja hayuko tayari kupanda darasa. Akaongeza kwamba kompyuta haimfundishi mtu. Maduhu akaitwa aje Ijumaa achukue binti yake. Philomena alikaa ofisini na ile karatasi mapajani, akalia.

Siku ya pili yake, jioni, alikwenda kwa Maduhu kubembeleza. Nilimsindikiza. Maduhu hakuwepo, alikwenda Kolandoto kumwona mgonjwa, tukamkuta mama wa nyumba na Mbuke. Ng'ombe walikuwa wanarudi. Mbuke alisimama kwenye mlango wa zizi, anawaacha wapite huku ameegemea nguzo, wala hakunyoosha kidole kuhesabu. Walipokwisha kuingia alimwambia mama yake kwamba yule jike mwekundu mwenye paji jeupe hayumo, na dume la kijivu limechomwa na mwiba. Kisha akaenda kumtafuta mwekundu wake, akarudi naye.

Philomena akamuuliza anachunga ndama wangapi. Akasema kumi na mmoja, tisa wa zamani na wawili waliozaliwa juzi. Mwalimu akachomoa ile karatasi kwenye pochi. Safari hii aliuliza kwa Kisukuma, taratibu, na hakuuliza ni wangapi. Aliuliza kwa nini Jumatatu alisema mmoja.

Mtoto akamwangalia kwa huruma. "Mwalimu, ni yuleyule. Doa lake lilelile, kengele ileile. Hata mguu ameinua uleule. Wamemchora tu mara nyingi."

Philomena alikaa chini pale pale kwenye samadi. Akaanza kucheka, na machozi yanamtoka, mpaka mama Mbuke akaniuliza kama mwalimu ni mzima. Nyanya hufanana, ndiyo maana walizihesabu. Lakini ng'ombe wawili wanaofanana kila kitu, hawa watoto hawajawahi kuwaona tangu wazaliwe.

Alhamisi aliomba ruhusa akaenda mjini. Mama Jaya alifunga duka mchana huo, na yeye na Philomena wakawashughulikia wale ng'ombe saba mmoja mmoja: huyu wakampaka weusi wote, huyu wakamfutia kengele, huyu wakamwekea doa jeupe kwenye paji. Philomena ndiye aliyeshika mausi, kile kipanya cha kompyuta. Mkono ulimteleza akamfutia mmoja pembe moja, akamwacha hivyohivyo.

Ijumaa tulikusanyika ofisi ya mwalimu mkuu. Maduhu aliacha fimbo yake mlangoni, akatusalimia, akakaa ukingoni mwa kiti kama mtu aliyekuja kuchukua mzigo wake aondoke. Mratibu alipofungua faili, Philomena akamwomba jambo moja.

"Kabla hujasema lolote juu ya mtoto, naomba umuulize baba."

Bwana Herman akampa Maduhu ile karatasi ya kwanza, akamuuliza ni ng'ombe wangapi. Maduhu akaipeleka dirishani, akaisogeza mbali na macho.

"Mmoja," akasema. "Tena wa kizungu. Hapa kwetu angekufa na kiu."

"Mzee Maduhu, hesabu vichwa."

"Vichwa naviona saba, bwana. Wewe umeniuliza ng'ombe."

Kisha Bwana Herman akaanza kucheka, wa kwanza kabla yetu sote, akaomba Mbuke aitwe. Philomena akamwekea mtoto karatasi mpya mezani. Mbuke hakuchukua muda. "Saba," akasema, na bila kuulizwa akaanza kutueleza mmoja mmoja kwa rangi yake, mpaka akafika kwa yule wa pembe moja. "Huyu amepigana," akasema. Baba yake akainama kuangalia, akakubali kwamba amepigana.

Mratibu aliandika pale pale kwamba mtoto apande darasa la pili. Maduhu aliangalia kalamu inavyokwenda, akamwangalia binti yake, akamwangalia Philomena.

"Mayu," akasema, akimwita mama kwa Kisukuma, "huyu abaki. Ng'ombe nitachunga mwenyewe."

Na alichunga. Asubuhi, tukipiga kengele ya mstari, tulimwona anapita nyuma ya uwanja na fimbo yake, mtu mzima mwenye mji wake, akifanya kazi ya watoto, na wenzake kilabuni walimcheka mpaka wakachoka. Philomena alikuwa akitoka mlangoni mwa darasa lake, na chaki mkononi, anampa shikamoo kwa ile sauti yake kubwa hadi darasa langu lote linageuka. Alimsalimia hivyo kila alipopita, kwa miaka yote ambayo Mbuke alikuwa shuleni.