Asali ya Mutoshi

Chama cha wafanyabiashara wa jimbo letu kilitutafutia mnunuzi wa asali huko Ubelgiji. Nilifurahi, sitadanganya. Mizinga ya baba ilikuwa upande wa Mutoshi, karibu na machimbo ya shaba, na asali yetu haikuwahi kuvuka soko la Dilala. Chama kilichukua chupa moja kwa kila mwanachama, kikazipeleka kupimwa.

Karatasi ilirudi baada ya miezi mitatu. Katibu wa chama alifunga mlango wa ofisi kabla ya kunisomea: asali yetu ina vumbi la madini, haifai kuliwa na mtu.

"Mama, kule Ubelgiji balikatala," akasema. "Lakini hapa kwetu nani atauliza? Uzisha tu ku soko."

Nilimkazia macho hadi akainama. Nyumbani nilimwaga chupa zote shimoni. Moja tu imenishinda, ile iliyobaki kando ya kitanda cha mama, ambaye tulimzika mwaka jana. Kijiko kingali ndani. Alipougua alikataa chakula chote, na kila asubuhi mimi ndiye niliyembembeleza: "Fungua kinywa, mama. Hii njo dawa."