Kompyuta yangu imenikatalia mbele ya mteja

Wallahi leo nimekatazwa dukani kwangu, na aliyenikataza ni kompyuta yangu mwenyewe!

Mnanijua. Fundi wa kompyuta wa Mkoani nzima, nimefika mpaka Dubai. (Uwanja wa ndege tu, lakini ni Dubai.)

Nina programu ya adhana. Wakati ukifika, inafunika skrini mpaka adhana iishe. Nikaipa mamlaka ya juu kabisa, asiifunge mtu.

Leo adhuhuri imeadhini vizuri, ikamaliza. Skrini haikufunuka.

Na chini yake zimo kadi za harusi ya binti wa Bi Time, mteja wangu, sijazihifadhi, na boti ya Makoongwe inamsubiri yeye.

Nikajaribu kuifunga. "Huna ruhusa."

Nikajaribu tena. "Huna ruhusa."

Bi Time akaniangalia. "Mwanangu, duka hili lako au umepanga?"

Ya kuishinda ni akaunti kuu tu, na nywila yake anayo mke wangu, Rukia. Alinishusha niwe mtumiaji wa kawaida siku niliyobonyeza kila kitu nikaingiza virusi, programu nikiwa nimeshaipandisha. Nikampigia. Spika iko wazi, sijui!

"Nani mkuu wa duka?"

"Rukia, nina mteja."

"Nimekuuliza."

"Wewe, mama watoto."

Bi Time akapiga kigelegele.

Rukia akaja mwenyewe, akaandika nywila huku kaifunika kwa mtandio. Kadi zi salama, alhamdulillahi. Programu akaishusha daraja.

"Na mie nipandishe basi," nikamwambia.

"Wewe na programu muwe sawa. Afadhali yeye, huadhini tu, hajisifu."

Haya, chekeni. Bi Time keshafika Makoongwe, kisiwa kizima wanajua.