Mahali Patupu Chini ya Boneti

Baba yangu alikuwa makanika kwenye karakana ya shamba kubwa la chai kwa zaidi ya miaka thelathini. Alitengeneza matrekta, malori ya majani, jenereta, hata saa ya ukutani ya mkubwa wake. Alipostaafu alirudi nyumbani kwetu, upande wa Mogogosiek, akanunua gari dogo kuukuu la rangi ya maziwa. Wenzake walimcheka. Alilifungua lote, akalifunga tena kwa mikono yake, na kwa miaka mingi lilitembea vizuri kuliko magari ya watu waliomcheka.

Mwaka juzi akaanza kupotea. Mara ya kwanza alitoka kwenda mnada wa ng'ombe Siongiroi, na jioni tukampata kando ya barabara ya Kericho, ameketi kwenye usukani, hajui alikuwa anakwenda wapi. Mara ya pili aliacha barabara akaingia kwenye uwanja wa kituo cha kuuzia majani ya chai, mahali ambapo wanawake walikuwa wamepanga foleni. Hakuna aliyeumia. Vikapu viwili vilisagwa, na mama mmoja aliketi chini akatetemeka mpaka akaletewa maji. Baba alisema breki zilikataa. Kesho yake nilizijaribu breki hizo mwenyewe. Hazikuwa na neno.

Tulimwomba aache kuendesha. Tulimwomba mimi na mama, na dada yangu ambaye ni muuguzi Nakuru. Alikataa. Tulipomficha ufunguo, alisusia chakula siku mbili mpaka tukaurudisha. Ndipo dada akanipigia simu.

"Toa kitu kwa injini," akasema. "Kitu kidogo tu. Ikikataa kuwaka atachoka nayo."

Jumapili, wazazi wakiwa wamekwenda kanisani kwa miguu, nilifungua boneti nikachomoa rilei ya pampu ya mafuta, kidude cheusi cha plastiki, kidogo kuliko kiberiti. Kisipokuwepo, pampu haipati umeme na petroli haifiki kwenye injini. Nilikitia mfukoni mwa jaketi. Nyumba yangu iko ng'ambo tu ya shamba la chai la baba, kwa hiyo nilirudi kwangu nikanywa chai kama mtu ambaye hajafanya lolote.

Jumatatu asubuhi alinipigia kelele kutoka uani. "Weri," akaita. Hivyo ndivyo anavyoniita, kijana, ingawa nina miaka arobaini na tatu. "Gari imekataa kuwaka. Kuja unisaidie."

Nilidhani atazungusha ufunguo mara mbili tatu, akasirike, aachane nalo. Nilikuwa nimesahau yeye ni nani. Nilimkuta ameshavaa ovaroli yake ya kazini na kupanga spana juu ya gunia, kubwa mpaka ndogo. Aliniambia nikae kwenye usukani nizungushe ufunguo. Injini ilizunguka kwa nguvu, lakini haikushika.

"Betri ni mzima," akasema. "Stata pia. Sasa tuone moto."

Alitoa plagi moja, akailaza juu ya chuma, akaniambia nizungushe tena. Cheche ya buluu ikaruka. Aliitikia kwa kichwa, ameridhika, kisha akaileta plagi puani akainusa kwa muda mrefu.

"Ni kavu. Moto iko, mafuta haifiki. Na tangi iko nusu."

Yule mtu aliyepotea njia ya Siongiroi hakuwepo pale. Mikono yake haikusita hata mara moja. Nilikuwa natazama makanika ninayemkumbuka tangu utotoni, na mkono wangu ulikuwa mfukoni, umekishika kile kidude.

Alikwenda nyuma, akainamisha sikio juu ya kiti mahali pampu ilipo. "Fungua switch. Inalia?"

"Hailii, baba."

"Nilifikiria ni masikio yangu."

Akachukua balbu ndogo iliyofungwa nyaya mbili, akapima kwenye pampu. Haikuwaka. Hapo akarudi mbele, akafungua kifuniko cha kisanduku cha fyuzi, akainama. Alibaki ameinama hivyo muda mrefu. Kisha akaingiza kidole kwenye lile tundu tupu, akakitoa, akakiingiza tena.

"Hapa kuna kitu imetolewa," akasema polepole. "Haiwezi kutoka yenyewe. Imevutwa na mtu anayejua."

Nilingoja anigeukie. Nilikuwa tayari kwa matusi, hata kwa kofi. Aligeuka, na usoni mwake hapakuwa na hasira. Palikuwa na woga, kitu ambacho sikuwahi kukiona pale.

"Weri, ni mimi niliitoa?"

Ningeweza kusema hapana. Neno moja tu. Kidude kilikuwa mkononi mwangu.

"Labda, baba," nikasema. "Labda ulitoa ukasahau."

Aliketi juu ya jiwe la kunolea panga. Mama, ambaye dada alikuwa amemweleza mpango wetu, alikuwa amesimama mlangoni na kikombe cha chai, na alikuwa amesikia yote. Alimpa baba kile kikombe. Mimi hakunipa.

Jioni mama alinifuata kwangu. "Ungemwambia ukweli," akasema. "Angekukasirikia, lakini angekasirika akiwa na akili yake."

Baba alinipa ufunguo kesho yake bila kuombwa, na tangu hapo hakugusa spana. Jirani alileta mashine ya kunyunyizia dawa ng'ombe, akaambiwa atafute fundi mwingine. Baba alianza kumuuliza mama kama yeye mwenyewe ameshakula, kama amefunga zizi, kama ni yeye aliyeacha redio ikilia. Baada ya miezi michache daktari alituambia ugonjwa wa kusahau ulikuwa umemwingia kitambo. Dada alisema tumeokoa watu, na inawezekana ni kweli. Lakini daktari hakunieleza ni kiasi gani kilikuwa ugonjwa na ni kiasi gani kilikuwa jibu langu, na mimi sikuuliza.

Gari tulimuuzia mwalimu mmoja wa Bomet. Siku alipokuja kulichukua, baba alikuwa ameketi barazani, ameelekeza uso kwenye shamba la chai.

Nilimwambia dada kwa simu jinsi nilivyomjibu baba siku ile. Alisema haina tofauti, muhimu ni kwamba haendeshi tena. Tangu siku hiyo sipendi kuisikia sauti yake. Najua namwonea, kwa sababu yeye alisema tu kitu kitolewe kwenye injini. Mimi ndiye niliyefika mbele ya baba na kusema neno lile. Dada akipiga simu huwa naiacha ilie, na mama huwa anatazama pembeni.