Ulimi wa Rivolva Nilioupiga Tupa

Mimi ni fundi wa bunduki. Jeshini nilifungua na kufunga silaha mpaka nikaweza kufanya hivyo nimefumba macho, na nilipostaafu nikajiona sina cha kufundishwa. Hilo ndilo lililoniponza. Nasema mapema ili usije ukanihurumia bure.

Baada ya jeshi nilipata kazi Kasese, kwenye kambi moja ya wawindaji wenye kibali. Mdogo wangu, tuliyezaliwa naye tumbo moja kule Bwera, alikuwa mfuata nyayo wa kambi hiyohiyo. Nyati akijeruhiwa akaingia kwenye nyasi ndefu, yeye ndiye anayetangulia, macho chini, mwenye bunduki nyuma yake. Mikono yake ilitakiwa iwe huru kupangua nyasi, kwa hiyo alibeba rivolva kiunoni. Ilikuwa ya jambo moja tu: nyati akimgeukia karibu kiasi kwamba wa nyuma hawezi kupiga bila kumpiga yeye. Siku hiyo ikifika, maisha yake yako kwenye rivolva ile na kwangu niliyeitengeneza.

Risasi zake haziuzwi huku. Mkubwa wa kambi alileta baruti na viwashio, vile visahani vya kitakoni mwa risasi vinavyogongwa na nyundo, na kazi iliyobaki ilikuwa yangu. Nilisafisha maganda yaliyokwisha kupigwa, nikayarudisha kwenye umbo lake, nikapima baruti kwa mizani ndogo. Vichwa nilivimimina mwenyewe, kutokana na vile vipande vizito vya kusawazisha magurudumu vinavyobandikwa kwenye rimu za magari, nilivyovinunua kwa mafundi wa Bwera. Mwaka ule, mkubwa wa kambi akaleta kalibu mpya ya kumiminia vichwa vizito zaidi. Vya zamani vilikuwa vyepesi, vinaishia kwenye nyama ya shingo. Hivi vipya vilikuwa vya kuvunja mfupa.

Shida ni kwamba rivolva ile haina kitu cha kurekebisha shabaha. Kwenye ncha ya mtutu kuna ulimi mdogo wa chuma, nyuma kuna mfereji; unauweka ulimi katikati ya mfereji, unapiga, basi. Ulipimwa kwa risasi ya aina moja. Ukibadilisha risasi, huna budi kuubadilisha na ulimi, na dawa yake ni tupa: ukiupunguza, risasi inapanda.

Mtu yeyote mwenye akili angepiga zile nzito kwenye karatasi kwanza, aone zinatua wapi. Mimi sikupiga. Viwashio vilikuwa vimebaki vichache, na jeshini risasi moja ikipotea bila maelezo unalala mahabusu, afande anakuuliza ganda liko wapi mpaka unasahau jina la mama yako. Tabia hiyo haikunitoka. Nilitengeneza risasi sita nzito, nikazionea huruma. Nikapiga zile nyepesi za zamani zilizobaki, zikatua katikati kabisa. Halafu nikapiga hesabu ya kichwani, hesabu ya mtu wa bunduki ndefu: kitu kizito kitaanguka chini, kwa hiyo nipunguze ulimi kipande. Nikaibana rivolva kwenye jiriwa, nikapiga tupa, nikapuliza unga wa chuma, nikapaka masizi ya kibatari ulimi usimetemete juani. Haki ya Mungu, nilikuwa napiga mluzi.

Mdogo wangu alikuja kuichukua asubuhi. Akaniuliza jambo moja tu, kwa Kiswahili chetu cha mpakani.

"Yaya, na hii ya muzito umeijaribu?"

"Iko sawa," nikamwambia. "Wewe lenga tu."

Yaya kwetu ni kaka mkubwa. Hakuuliza mara ya pili.

Nyati wa siku hiyo alikuwa dume, mgeni mmoja alikuwa amemjeruhi huko juu ya Muhokya. Mwenye bunduki ndiye aliyenisimulia. Anasema dume alitokea ubavuni, si mbele, na mdogo wangu akawa katikati ya nyati na yeye mwenye bunduki. Hakukimbia. Aligeuka, akashika rivolva kwa mikono miwili, akapiga tatu. Mbili zikatimua vumbi kwenye kichuguu nyuma ya nyati, ya tatu ikakwaruza pembe. Kisha akanyanyuliwa. Walipomuua yule dume, mdogo wangu alikuwa amevunjika nyonga na mkono wa kulia.

Hospitalini nilikaa kwenye korido siku nne. Kila nesi akitoka, nasimama. Nilimwambia Mungu achukue mkono wangu, achukue na macho, sina kazi navyo tena, aniachie huyu mtoto wa mama yangu. Wakati huo bado sikujua kosa ni la nani. Niliomba tu.

Mkubwa alinipa rivolva niisafishe. Ndani zilibaki tatu. Nikaenda kwenye shimo la murramu, ule udongo mwekundu wa barabara, nyuma ya kambi, nikabandika karatasi hatua kumi na tano. Ya kwanza ikapita juu ya karatasi. Nikasema ni mimi, natetemeka. Nikakaa chini, nikaegemeza viwiko magotini. Ya pili ikapita palepale. Ya tatu sikuwa na haja nayo, lakini nikaipiga.

Kumbe rivolva si bunduki ndefu. Kichwa kizito kinachelewa kutoka, na wakati kinachelewa mkono unarushwa, mtutu unatazama juu, nacho kinatoka kikielekea huko. Kizito kinapanda. Ulimi ulitaka kurefushwa, mimi nikaukata. Nililia pale shimoni, mtu mzima na mvi zangu.

Halafu nikaacha kulia nikafanya ushenzi. Mchana uleule niliyeyusha shaba, nikaujaza ulimi, nikauchonga ukawa mrefu inavyotakiwa, nikapaka masizi. Mkubwa alipokuwa anaandika ripoti aliniuliza kama rivolva ina tatizo. Nikasema haina, na kwa saa ile kweli haikuwa nalo. Ripoti ikasema kwamba mfuata nyayo aliingiwa na hofu.

Huu ni mwaka wa tatu. Anatembea kwa mkongojo, na kikombe anashika kwa mkono wa kushoto. Kanisani Bwera alisimama mwenyewe akawaambia watu kwamba woga ulimshinda siku ile, wamwombee. Mimi nilikuwa benchi la pili.

Jumapili iliyopita nilimkuta uani kwake, mkewe anamenya mihogo mlangoni. Tuliongea habari za mvua. Kisha akautazama ule mkono uliopinda.

"Yaya, wewe unajua silaha. Niliona ule ulimi katikati ya paji ya nyati. Niliona kabisa. Niambie, mukono ilitetemeka?"

Mkewe akasimamisha kisu.

Jibu la kweli lilikuwa mdomoni, limekaa huko miaka yote hii.

"Kidogo," nikasema. "Ilitetemeka kidogo. Mutu yeyote angetetemeka."

Akaitikia kwa kichwa taratibu, akanishukuru kwa kumwambia ukweli.