Kofia Aliyonyimwa Mama wa Makaa

Rafiki yangu afisa wa maji amefariki. Nilipigiwa simu asubuhi nikiwa hotelini hapa Lodwar, mbele ya chai na mandazi, nikaiacha chai ikapoa, na wanaonijua watakubali kwamba hilo si jambo la kawaida. Alikuwa mtu wa milimani, kule kwenye mashamba ya majani chai, aliyeletwa Turkana na uhamisho wa serikali kama wengi wetu. Wenzake aliokuja nao walihangaika kutafuta njia ya kurudi, yeye akabaki, akizunguka na visima vyake toka Lokori hadi Kakuma. Mrefu, mkimya, na kofia ya kaki ambayo hakuivua ila kanisani. Kifo chake kimeniuma sana, na nalisema hilo mapema kabla sijaanza kuzungukazunguka kama ilivyo desturi ya safu hii.

Tulikuwa tukikaa benchi moja kanisani, karibu na dirisha. Nyimbo zote aliziimba kwa sauti nzito. Lakini katika sala ile aliyotufundisha Bwana, tulipofika mahali pa kuomba riziki ya siku, alifumba mdomo, akaufumbua tena tulipofika kwenye kumtukuza Mungu. Sikumwuliza. Siku moja alinieleza mwenyewe, bila kuniangalia. Mkewe aliugua, naye akaomba, akafunga, akalia, na mke akafa. Tangu hapo alimheshimu Mungu kama karani anavyomheshimu mkubwa wa ofisi, akampa salamu zake zote, lakini hakumwomba kitu. Wala binadamu hakumwomba. Hata chumvi ikimwishia alikula chakula hivyo hivyo, na jirani yupo. Nilimpenda mtu huyu, na ilinisikitisha kuona anayewapa watu maji anakauka yeye mwenyewe ndani kwa ndani.

Sasa, mgeni akifika Turkana, neno la kwanza analolisikia baada ya salamu ya “ejok” ni “nipe.” Nipe maji, nipe sukari, nipe hiyo shati. Tangu mwaka jana ilipotangazwa kwamba ardhi hii ina mafuta, na sasa serikali ya kaunti imeingia, mji umefurika wageni wenye miwani ya jua, na kila hoteli nasikia lalamiko lile lile: watu wa huku ni ombaomba. Wanasema hayo huku wakisubiri zabuni, na zabuni nayo, kwa ufahamu wangu, huombwa. Lakini tuyaache hayo, nisije nikakosa marafiki wachache niliobaki nao.

Mwaka huo huo wa habari za mafuta, marehemu alinipa lifti kwenda Kakuma, nilikokuwa na kazi ya kusimamia mitihani. Katikati ya njia paipu ya rejeta ikapasuka. Kabla hatujaliona tundu tulikuwa tumemimina rejetani maji yetu yote ya kunywa, na mchanga ukayanywa. Dereva akadandia lori kwenda kutafuta paipu nyingine, akatuacha kwenye kivuli chembamba cha gari. Ng’ambo ya barabara palikuwa na manyatta, vibanda vya wafugaji, na mama mmoja aliyekaa kando ya magunia yake ya makaa, akitutazama. Nilitaka kuvuka nikaombe maji. Mwenzangu akanishika mkono. “Mwalimu, tusisumbue watu.” Basi tukakaa. Jua likapanda, midomo ikapasuka, ulimi ukawa mzito kama kipande cha ngozi, na afisa wa maji akawa anakauka kwa kiu.

Hatimaye mama yule alivuka mwenyewe. Mikono mitupu. Shingoni, katikati ya shanga, alivaa kimsalaba cha chuma.

“Ejok,” akasema.

“Ejok, mama.”

“Nipe kofia,” akamwambia mwenzangu.

“Kofia siwezi kukupa, mama. Jua kali.”

“Basi nipe tumbaku.”

“Sina. Sivuti.”

Akachuchumaa kando yetu bila kuonyesha kinyongo chochote. Kisha akamwuliza mwenzangu, “Na wewe? Hapana taka kitu? Mimi naona wewe tangu asubuhi, umekaa tu na gari yako. Nikasema huyu mtu iko na kila kitu, hapana taka sisi.”

Mwenzangu akaivuta kofia yake chini. Sijui kama ni kiu au ni sauti ya mama yule iliyomfungua. “Mama, mimi siombi. Niliomba mara moja, nikanyimwa.”

“Nani alinyima wewe?”

Akainua kidevu kuelekea juu. Mama akatazama juu pia, kama mtu anayeonyeshwa nyumba ya jirani anayemfahamu.

“Ukaomba tena?”

“Hapana.”

“Wewe iko na maringo!” Akacheka mpaka shanga zikatikisika. “Mimi naomba wewe kofia, umenyima. Naomba tumbaku, umenyima. Kwani nimeenda? Kesho naomba tena. Mtu wako akinyima wewe, unaomba tena. Ile mtu wewe hapana omba ni adui peke yake.”

Nilimwona rafiki yangu akimeza mate ambayo hayakuwepo. Kisha akasema, kwa sauti ya mtoto aliyetumwa na mama yake dukani akasahau alichotumwa, “Nipe maji.”

Mama aliinuka papo hapo. Alituletea maji yenye rangi ya mchanga yaliyochotwa kwenye shimo la lagani, ule mto mkavu wa mchanga, na maziwa ya mgando kwenye kibuyu chenye harufu ya moshi. Sijawahi kunywa kitu kitamu hivyo, na nimekula karamu za maaskofu.

Jumapili iliyofuata, tulipofika mahali pale pa sala, nilisikia sauti nzito kando yangu ikiendelea, yenye kukwaruza, ikiomba riziki pamoja nasi. Mimi ndiye niliyeshindwa kuimaliza sala hiyo kwa machozi.

Toka siku hiyo hakupita barabara ile bila kusimama. Mama aliomba kofia, naye akamnyima huku akicheka. Yeye aliomba maziwa, na mara nyingine mama akamnyima kwa sababu ndama hawajashiba. Mwaka huu moyo wake ulipoanza kumsumbua nilimtembelea wodini. “Mwalimu, naomba nipone,” aliniambia. “Najua naweza kunyimwa. Nikinyimwa leo, kesho naomba tena.” Aliomba kila siku. Akanyimwa, na alikuwa bado anaomba alipokata roho.

Kwenye ibada ya kumuaga, kabla mwili haujasafirishwa kwenda milimani, mama wa makaa alikuwepo, vumbi la lori limempaka hadi kope. Ndugu wa marehemu, aliyekuwa amesimuliwa habari zake, akamkabidhi ile kofia ya kaki. Akaipokea kwa mikono miwili, akaigeuzageuza. Nilidhani atafurahi.

“Sasa nani atanyima mimi?” akauliza, na akalia kwa sauti kanisa zima likasikia.

Wengi wetu tunamtafuta Mungu kwenye majibu, na majibu yakikosekana tunafunga virago. Rafiki yangu alimpata kando ya barabara ya Kakuma, kwenye ujamaa wa watu wanaonyimana leo na kuombana kesho bila kuhama. Tulipotoka nje mama aliivaa kofia, akajifuta macho, akaniangalia toka kichwani hadi miguuni.

“Mwalimu, nipe viatu.”

Nikamnyima.

“Haya,” akasema. “Kesho.”

Nawe msomaji wangu uliyenyimwa, usihame. Kesho omba tena.