Tairi Linalojiosha

"Mimi tairi silioshi! Linajiosha lenyewe, mimi nalisindikiza tu."

Injinia aliyatangaza hayo kijiweni, mbele ya madereva wote wa pikipiki, amekaa kwenye kigoda, mguu juu ya mguu. Uinjinia wenyewe ulikuwa wa kubandikwa. Kazi yake ilikuwa kuosha pikipiki, na alikuwa mvivu wa kuinama. Wenzake walisugua spoki moja moja mpaka viuno vikawaka moto. Yeye alisimamisha pikipiki kwa stendi ya kati, tairi la nyuma likaelea, akawasha injini, akatia gia, kisha akaligusisha tambara lililolowa dizeli. Tairi linazunguka, tope linayeyuka, yeye anapiga mluzi.

"Utakatwa vidole wewe!" wenzake walimwonya.

"Vidole vyangu vina akili kuliko nyinyi."

Basi vidole vilipona. Heshima ndiyo haikupona.

Siku hiyo alikuwa amemaliza kuosha pikipiki ya shemeji yake, kaka wa mkewe, na shemeji ameenda kula. Mara akapita mama mkwe, amevaa gauni la bluu analovaa akienda kwa watu. Injinia akapandwa na kiherehere.

"Mama, utembee kwa miguu na mimi nipo? Panda nikufikishe."

Mama akapanda kiubavu. Kutoka kijiweni barabara inateremka, na chini kabisa kuna mtaro unaopokea maji yote machafu ya kuoshea pikipiki. Injinia akakanyaga breki ya nyuma. Ikateleza kama imepakwa samli. Ya mbele akaogopa kuibana, asije akamrusha mkwe. Wakaingia mtaroni wazimawazima.

Mama mkwe matopeni, miguu juu, na kijiwe kizima kinatazama. Mmoja akapaza sauti kutoka juu: "Injinia! Na huyo naye anajiosha mwenyewe?"

Injinia alitamani ardhi ipasuke. Alivua shati, akamfunika mama magoti huku amegeuza uso wake pembeni.

"Mifupa ipo," mama alisema, akijipangusa tope usoni. "Aibu ndiyo imevunjika."

Shemeji akaja mbio, mkono bado una mchuzi. Mama akamgeukia mwanawe. "Wewe! Unabeba watu na breki mbovu? Ungemuua mume wa dada yako!"

"Mama, breki nimezitengeneza juzi tu."

"Nyamaza!"

Injinia alinusa mikono yake. Dizeli. Ndiyo iliyochuruzika ikaingia kwenye breki, na hakuna aliyelijua hilo ila yeye. Akafungua mdomo aseme. Kilichotoka ni hiki: "Hata mimi nilimwambia azikague."

Shemeji alimtazama. Akaiburuta pikipiki yake kwa fundi.

Tangu hapo Injinia akanunua brashi, akawa anaosha amepiga magoti. "Injinia karudishwa chekechea!" walimcheka, naye akazidi kusugua. Nyumbani mkewe akilaumu uzembe wa kaka yake, yeye aliinamia sahani yake.

Jumapili mkewe akamtuma kwa mama mkwe akarekebishe bomba. Akamkuta uani, beseni mbele yake, anafua gauni la bluu.

"Pole na gauni, mama."

"Mara ya nne hii. Tope lilitoka siku ile ile." Mama akaliinua pindo. "Ila hapa, upande wa tairi, bado linanuka dizeli. Matope ya mtaroni yanatia dizeli upande mmoja tu, mwanangu?"

Mikono ya Injinia ikajificha nyuma yenyewe.

"Mama... shemeji hana kosa. Ni mimi."

"Nina pua, baba. Nilikuwa nangoja mdomo wako." Akaendelea kukamua. "Sasa kaseme kule kule ulikomsingizia. Na useme kwa sauti ile ya kujisifia."

Kesho yake akasimama kijiweni, karibu na kigoda. Sauti ya kujisifia haikupatikana. Akasema kwa hiyo iliyokuwepo, macho yakiangalia ndala zake: dizeli ni yake, uongo ni wake. Hakuna aliyecheka, na hapo ndipo masikio yalipomchoma zaidi.

Shemeji alikuwa anafunga mzigo wa mteja. Hakugeuka.

"Mama anajua?"

"Ndiye aliyenituma."

"Nilijua usingekuja mwenyewe," shemeji alisema, akakaza kamba.

Jioni Injinia akapita dukani kuulizia gauni la bluu kama lile. Ni shilingi elfu ishirini na tano; akaanza kuhesabu ni pikipiki ngapi za kuosha kwa magoti.